Samaki wa Tatu

Kilindoni, Mafia
4 Februari 2024

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta hapo Pasiansi mkiwa wazima, wewe na Mama Mdogo Selina, na kwamba goti lake linamwacha alale. Mimi sijambo. Kaka Jonathan alinipigia juzi. Amehamishiwa shule moja ya Magu, darasa lina watoto themanini na saba, na anasema sauti imeanza kumkauka. Kwa mama, Sengerema, mvua imenyesha vizuri.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu huisikii tena, na jambo lenyewe si la kuelezwa kwa kupiga kelele.

Tumepata samaki ambaye nadhani hajawahi kuandikwa na mtu yeyote. Tarehe 19 Januari mwenzangu Rugambwa alishuka kwenye ukuta wa matumbawe, mashariki ya kisiwa, hadi mita mia na kumi. Kule mwanga uliobaki ni wa buluu tu, kama ndani ya chupa. Anatumia mtungi unaosafisha pumzi aliyoitoa na kumrudishia, kwa hiyo hatoi mapovu na samaki hawamkimbii. Chini alikaa dakika kumi na nne. Kupanda kulimchukua saa nne na nusu, akisimama kila hatua ili hewa iliyoingia kwenye damu itoke taratibu bila kumuua. Alileta samaki watatu katika wavu wa mkono, kila mmoja ana urefu wa kidole.

Ni ndugu wa mbali wa chewa, ingawa ukiwatazama hutadhani. Mwili ni wa waridi, na mstari wa njano unatoka jichoni hadi mkiani. Kule chini Rugambwa aliwaona wa kijivu. Rangi ilitokea alipowasha tochi. Nimepekua vitabu vyote tulivyonavyo na sijapata anayefanana naye.

Ili nimtangaze kuwa spishi mpya lazima nihesabu kila kitu: miiba ya mgongoni, miale ya mapezi, magamba ya mstari wa ubavuni, pingili za uti wa mgongo. Kisha mtu wa pili ahesabu bila kuona namba zangu. Nimemfikiria mtu mmoja tu. Umehesabu furu wa Ziwa Victoria miaka thelathini na moja. Nakutumia picha kubwa na eksirei za samaki wawili. Wa tatu aliumia ubavu kwenye wavu, huyo nimemwacha.

Msalimie sana Mama Mdogo.

Mwanao,
Gladness


Pasiansi, Mwanza
2 Machi 2024

Mwanangu Gladness,

Marahaba. Barua ya tarehe 4 imefika tarehe 27. Bahasha ilikuwa imelowa pembe moja, picha ni kavu. Hapa tuko salama. Goti la Selina linamuuma asubuhi na kumsahau mchana. Ziwa limepanda tena, na wenye bustani kando ya maji wamevuna mchicha kabla ya siku zake. Selina alizitazama picha zako kwa muda mrefu, akauliza samaki mmoja wa namna hiyo analiwa na watu wangapi. Nikamwambia haliwi. Akasema, "Basi mtoto ameenda mbali bure." Kisha akachukua moja akaibandika jikoni.

Sasa kazi. Nimehesabu kwa lenzi siku tatu, asubuhi tu, maana mchana jicho linachoka. Samaki wa kwanza ana miiba kumi na miale laini kumi na sita mgongoni, miale kumi na tisa pezi la kifuani, magamba arobaini na sita kwenye mstari wa ubavuni. Wa pili ni hivyo hivyo, ila magamba ni arobaini na saba. Pingili ni ishirini na sita kwa wote wawili.

Picha zako ni nzuri kuliko zote tulizopiga sisi. Mapezi umeyasimamisha bila kuchana utando hata mmoja. Mimi nilijifunza hilo kwa miaka miwili, na niliowachana ni wengi.

Ujue tulivyokuwa tukifanya. Kituoni watu wawili walikaa migongo imegusana, kila mmoja na hadubini yake na samaki wake. Tukimaliza, tunabadilishana samaki bila kugeuka. Namba inaandikwa kwenye karatasi na kukunjwa. Zikitofautiana, wote wawili wanaanza upya, hata kama mmoja ana hakika. Aliyekosea anakwenda Mwaloni, Kirumba, kununua kitoweo cha mchana. Mwenzangu alikuwa Obedi. Obedi alikwenda Mwaloni mara chache sana.

Nina swali moja. Samaki ana pande mbili. Huyo wa tatu aliumia upande gani, na upande wa pili una nini?

Baba yako mdogo,
Nestory


Kilindoni
29 Machi 2024

Baba Mdogo, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni pa posta. Namba zetu zimelingana zote, hata gamba la arobaini na saba. Mama anasema ng'ombe wawili wamezaa kwa wiki moja na yule mweusi hataki kunyonyesha. Mimi ni mzima, ila jua la huku limenibabua pua.

Rugambwa ni mtu wa Muleba, na unajua maneno yao. Nilipomwambia nimepeleka picha Mwanza alisema Wasukuma wahesabu ng'ombe, samaki wawaachie watu wa Kagera. Nikampa barua yako. Aliisoma mara mbili, akasema, "Huyu mzee amehesabu kwenye picha kitu kilichonishinda mimi kwenye hadubini. Mwambie namwamkia." Basi amekuamkia.

Mswada nimeupeleka kwenye jarida tarehe 25. Nina haraka, na sababu ni hii. Kuna kundi la chuo kimoja cha nje ambalo limekuwa likifanya kazi kusini ya hapa kwa chombo cha kuzamia. Mwezi uliopita walionyesha kwenye mkutano picha ya samaki wa waridi mwenye mstari wa njano. Anayechapisha kwanza ndiye mwenye kumpa jina, na wa pili hana kitu. Kanuni ni hiyo kwa kila mtu na siilaumu. Nataka tu, kwa mara moja, samaki wa maji yetu aandikwe na mtu wa hapa.

Umemtaja Mzee Obedi. Yuko wapi siku hizi? Ningependa naye ahesabu. Nyumbani sijawahi kukusikia ukimtaja.

Mwanao,
Gladness


Pasiansi
20 Aprili 2024

Mwanangu Gladness,

Marahaba. Tuko wazima. Pasaka tulikuwa na Hellen na watoto wake, na Selina alicheza mpaka goti likamkumbusha.

Namba zimelingana, vizuri. Mwambie Rugambwa marahaba, na ng'ombe pia nawahesabu.

Obedi anaishi Kamanga, ng'ambo. Sina zaidi.

Kuhusu samaki wa tatu, nilikuuliza tarehe 2 Machi. Barua yako ina kurasa tatu na jibu halimo. Nauliza tena.

Baba yako mdogo,
Nestory


Kilindoni
30 Juni 2024

Baba Mdogo, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya cha miezi miwili. Naweza kusema kazi zilinizonga, lakini si kazi zilizonizuia. Wote mko salama? Jonathan anasema atapita hapo likizo hii. Mlisheni.

Mswada umekubaliwa. Wakaguzi wawili wa jarida wamesema ndiyo, na wamenipa marekebisho madogo ya kurudisha ifikapo tarehe 15 Agosti. Nikirudisha, samaki anachapishwa ndani ya wiki.

Sasa wa tatu. Hana mstari wa njano. Nilipomwona nilisema ni jike. Katika jamii hii jike na dume hawafanani rangi, na jike akikua hugeuka dume, kila kitabu kinasema hivyo. Ubavu wa kulia hauna magamba, wavu uliyatoa. Wa kushoto ni mzima. Sikumhesabu. Niliandika kwenye mswada kwamba ni jike wa spishi hiyo hiyo, nikaendelea.

Uliponiuliza mara ya kwanza nilidhani ni maswali ya mzee. Mara ya pili nilijua si hivyo, ndiyo maana nikanyamaza. Wakaguzi wenyewe hawakuuliza. Nakutumia picha yake na eksirei. Kama magamba ni arobaini na sita, niambie haraka. Kama siyo, niambie hivyo hivyo, lakini ujue tarehe.

Mwanao,
Gladness


Pasiansi
28 Julai 2024

Mwanangu Gladness,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na tisa. Selina hajambo, sasa ninayekohoa ni mimi, vumbi la barabara wanayochimba hapa nyuma. Jonathan alipita. Amekonda lakini bado anacheka, na alikula.

Samaki wa tatu, upande wa kushoto, ana magamba thelathini na tisa. Pezi la kifuani lina miale kumi na sita. Wenzake wana arobaini na sita, arobaini na saba, na kumi na tisa. Jike na dume hutofautiana rangi. Hawatofautiani magamba saba na miale mitatu. Huyo si jike wa samaki wako. Ni samaki mwingine, na simjui. Nimetafuta.

Sikuhesabu peke yangu. Jumanne nilipanda kivuko kwenda Kamanga kwa Obedi. Tulikuwa hatujaonana tangu 1984. Kivuko ni mwendo mfupi, kwa hiyo usitafute sababu kwenye safari. Uliniuliza mwezi wa tatu, sikukujibu. Najibu sasa.

Lebo ya samaki aliye kwenye spiriti huandikwa kwa penseli na kuwekwa ndani ya chupa pamoja naye. Hilo unafundishwa siku ya kwanza. Mwaka ule penseli hazikupatikana Mwanza, hata sabuni ilikuwa ya kutafuta. Yangu iliisha Alhamisi moja, tumetoka kuvua furu kwenye vituo kumi na vinne vya ghuba. Obedi alikuwa na vipande viwili vya penseli nyumbani kwake Kirumba. Ilikuwa ni kwenda na kurudi tu. Nilikuwa nimechoka. Niliandika lebo arobaini na moja kwa bolpeni. Baada ya wiki tatu spiriti ilikuwa ya buluu na karatasi zilikuwa nyeupe.

Samaki asiye na mahali alipotoka, kina wala siku, hana kazi kwa mtu yeyote. Katika chupa zile niliona aina zisizopungua sita ambazo hazikuwa na jina. Tulisema tutavua tena. Tuliporudi wavu ulileta sangara, anayekula furu, na msimu uliofuata sangara watupu. Zile aina sita sikuziona tena, wala sijasikia mtu aliyeziona.

Mkuu wa kituo alituita akauliza nani aliandika lebo. Selina alikuwa na mimba ya Hellen, miezi saba. Obedi akasema, "Ni mimi." Nilikuwa nimesimama kando yake na sikusema kitu. Aliachishwa kazi mwisho wa mwezi. Mimi nilifanya kazi pale miaka ishirini na sita zaidi, nikaagwa kwa hotuba.

Jumanne nilimkuta anamwagilia nyanya. Nikapiga hodi, hakugeuka.

"Nani?"

"Nestory."

"Nestory yupi? Wa penseli?"

Nikasema ndiyo. Akamalizia maji ya ndoo kwenye mche wa mwisho, akaniita Kisukuma kama zamani, "Ngosha, umechelewa. Karibu."

Nilimweleza nilichokwenda kusema. Hakikuchukua dakika moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo mke wangu Prudencia ananisomea kila Krismasi, mwaka wa arobaini huu. Umebeba nini kwenye bahasha?"

Nikampa picha. Akaigeuza kwenye mwanga.

"Huyu si wa ziwani."

"Wa bahari. Mita mia na kumi."

"Nani amemsimamisha mapezi?"

"Mtoto wa kaka yangu, Gladness."

"Huyo ni fundi," alisema. "Amekuzidi. Sisemi kwa ubaya, hata zamani kukuzidi ilikuwa rahisi."

Tulichukua viti viwili vya plastiki tukaviweka migongo kwa migongo. Prudencia alitoka jikoni akauliza tumegombana tena kwa lipi. Obedi akamwambia, "Tuko kazini, mama, tafadhali." Karatasi zilipokunjuliwa zilisema thelathini na tisa, zote mbili. Kumi na sita, zote mbili. Kwa hiyo hakuna aliyekwenda kununua kitoweo.

Sikuandikii ufanye nini. Tarehe 15 ni yako. Mimi niliwahi kuwa na neno moja la kusema, na umesoma nilivyolifanya.

Baba yako mdogo,
Nestory


Kilindoni
8 Septemba 2024

Baba Mdogo, shikamoo.

Pole kwa kikohozi. Mama amekutumia asali kwa Jonathan, kama hajaila njiani.

Barua yako ilifika tarehe 12 Agosti. Tarehe 14 niliuondoa mswada. Tarehe 27 lile kundi lilichapisha. Samaki wangu wawili sasa wana jina, na si nililowachagulia. Kazi yao ni nzuri. Wana samaki tisa, na namba zao ni zile zile zetu. Niliisoma yote nikitafuta kosa, sikulipata.

Ningeweza kurekebisha na kuwahi, hilo nalijua. Ningefuta neno "jike", nirudishe kurasa, nishinde kwa wiki moja. Lakini rangi, vipimo, mahali anapoishi, vyote niliviandika kwa kuwachanganya watatu. Kuvitenganisha kulitaka wiki sita, si siku tatu.

Rugambwa hakusema nami siku moja na nusu. Kisha alikuja akaketi juu ya boya.

"Umetupotezea samaki," alisema.

"Nimetupotezea mmoja. Tunaye mwingine."

"Mwingine mwenyewe mmoja, hana ubavu. Nani ataamini spishi ya samaki nusu?"

Hapo alikuwa sahihi. Samaki mmoja aliyeumia hatoshi. Lazima wapatikane wengine, kwenye ukuta ule ule, na hatujui kama wako kumi au huyo alikuwa wa mwisho. Kibali chetu cha kuvua kinakwisha tarehe 31 Oktoba. Tumepanga kushuka kabla ya hapo, mara moja. Nimekuwa nikijifunza mtungi wa Rugambwa tangu mwaka jana na sasa nimefaulu. Safari hii tunashuka wawili. Mama hajui. Naomba usimwambie.

Kuhusu Mzee Obedi sina la kuongeza kwa alilosema mwenyewe. Ninashukuru ulivuka.

Mwanao,
Gladness


Pasiansi
29 Septemba 2024

Mwanangu Gladness,

Marahaba. Asali imefika nusu chupa. Jonathan anasema ilimwagika.

Mama yako sitamwambia. Ukishapanda utamwambia wewe.

Umeondoa mswada uliokwisha kukubaliwa. Katika miaka thelathini na moja sikumwona mtu akifanya hivyo. Niliwaona wenye vyeo vikubwa wakifanya kinyume chake, na baadhi ya vitabu vyao bado vinasomwa. Nimemsomea Obedi barua yako. Siku hizi navuka kila Jumanne. Alisema, "Mtoto huyo angekuwa kituoni wakati wetu, mkuu angemwogopa."

Obedi anaomba kitu kimoja. Ukiwapata, andika rangi ya jicho wakiwa bado hai. Anasema dawa ya fomalini hudanganya jicho kwanza, mwili baadaye.

Baba yako mdogo,
Nestory


Kilindoni
3 Novemba 2024

Baba Mdogo, shikamoo.

Niko mzima, na mama amekwisha kuambiwa. Amenifokea dakika ishirini, kisha akauliza kulikuwa na baridi gani.

Tulishuka tarehe 24 Oktoba. Nilidhani nitaogopa giza, lakini si giza. Ni buluu iliyokolea, na unaona mbali kuliko unavyotarajia. Ukuta unakwenda chini na huoni mwisho wake. Kwenye mita mia na kumi na mbili kuna mwanya chini ya jiwe, upana wa mlango. Rugambwa aliniachia nitangulie. Niliwasha tochi.

Walikuwa kumi na mmoja. Walikuwa wamegeuka, matumbo juu, wanaogelea wakifuata dari ya mwanya kana kwamba hiyo ndiyo sakafu. Ndiyo maana kundi lile lenye chombo chao kikubwa halikuwaona. Taa yao inamulika uso wa nje wa ukuta, na samaki hawa wanaishi darini. Mwili ni wa waridi bila mstari, na ukingo wa pezi la mgongoni ni wa zambarau mwembamba kama uzi. Huo haukuonekana kwa yule aliyeumia ubavu, ulikuwa umekwisha kufifia. Mwambie Mzee Obedi kwamba jicho ni la kijani, lenye duara la dhahabu. Niliandika kwenye ubao wangu pale pale.

Nilikuwa na dakika kumi na mbili. Nilitumia mbili kutazama tu, na sioni aibu. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyewaona nyumbani kwao, zaidi ya yule mmoja wa Rugambwa. Nilichukua watatu, nikawaacha wanane.

Kupanda ni saa nne na dakika arobaini. Unaning'inia kwenye kamba na huna la kufanya. Nilizitumia kuchagua jina.

Tangu Februari nilikusudia kumwita samaki kwa jina lako. Nimebadili, na sikuombi ruhusa. Ataitwa kwa jina la Obedi. Kwenye mswada sababu ni sentensi moja: "Kwa heshima ya Obedi, fundi wa maabara wa Mwanza, aliyehesabu samaki wa Ziwa Victoria kwa uangalifu usio na kifani." Habari za chupa sikuziandika. Hizo ni zenu.

Mswada nilikuwa nimeuandaa tangu Septemba, nimeongeza namba na kuupeleka, na safari hii jarida limekubali kufanya haraka, kurasa za mwisho nazirudisha tarehe 10 Desemba. Ndani ya bahasha hii kuna picha za wale watatu. Bahasha ndogo ina namba zangu. Usiifungue kabla ya kuhesabu.

Mwanao,
Gladness


Pasiansi
1 Desemba 2024

Mwanangu Gladness,

Marahaba. Hapa ni wazima wote. Selina ametoa picha ya zamani jikoni akaweka ya huyu mpya, anasema huyu amekaa kitanashati zaidi.

Nilihesabu siku nne. Magamba ni thelathini na nane, thelathini na tisa, thelathini na tisa. Nikafungua bahasha yako ndogo. Ni sawa, zote tatu. Nikaona kazi imekwisha, na Jumanne nikavuka kwenda kumpa Obedi habari ya jina. Kuhesabu hakukuwa kwenye mpango.

Nilimsomea ile sentensi. Nilimsomea tena, maana Prudencia alikuwa amepiga kigelegele katikati na mumewe hakuisikia vizuri. Obedi aliinuka. Aliingia ndani, akakaa huko muda, akatoka amevaa shati jingine na ameshika lenzi.

"Lete picha," alisema.

"Zimekwisha hesabiwa. Mimi na Gladness, tumelingana."

"Jina ni la nani?"

"Lako."

"Basi lete."

Viti vilikuwa palepale. Nilikaa nyuma yake nikatazama nyanya. Alichukua saa nzima kwa samaki watatu. Wa kwanza, thelathini na nane. Wa pili, thelathini na tisa. Wa tatu akasema arobaini.

Nikamwambia haiwezekani, watu wawili wamehesabu, mmoja Mafia, mmoja Pasiansi, hawakuonana. Akasema, "Ndiyo, na wote ni wa nyumba moja. Gamba la mwisho liko kwenye shina la mkia, dogo, limefunikwa nusu. Nyie akina Chenge mna haraka mkifika mkiani."

Tulianza upya, wote wawili, kama kanuni inavyosema. Mimi nilihesabu mara tatu. Ni arobaini.

Barua hii haitawahi tarehe 10. Nimemwambia Hellen akutumie namba kwa simu leo hii, na hapa nakueleza ilivyopatikana, uwe na uthibitisho kwa maandishi. Nilikwenda sokoni Kamanga kununua kitoweo. Wewe deni lako utalilipa ukija.

Samaki wa tatu, arobaini. Sahihisha kabla hawajachapa.

Baba yako mdogo,
Nestory